Vumbi Jekundu na Mashine za Ofisi

Kiambi iko kandokando ya mto Luvua, katika eneo la Manono, mkoa wa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto huo hutoka Ziwa Mweru pale Pweto, hushuka kwa kishindo katikati ya mawe na maporomoko, na ukifika Kiambi hutulia. Kuanzia hapo mashua zisizohitaji kina kirefu zinaweza kuteremka kilomita zipatazo 160 hadi Ankoro, Luvua inapoungana na Lualaba. Mahali ambapo mizigo hubadilishwa chombo hapakosi ofisi, na Wabelgiji waliweka hapa kituo cha utawala tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Ofisi ina karatasi, karatasi zikaleta mashine, na mashine ina adui asiyechoka. Mvua hukatika kati ya Aprili na Mei. Kutoka hapo hadi Septemba au Oktoba udongo mwekundu wa kaskazini mwa Katanga ya zamani hukauka, husagwa na magurudumu ya malori na pikipiki, kisha huinuka. Chembe kubwa hutua palepale barabarani. Zile ndogo husafiri: hupita chini ya mlango, hupenya wavu wa dirisha, huja kukaa juu ya meza iliyofutwa asubuhi ileile. Mtu hupiga chafya, akafuta meza, akaendelea na yake. Mashine haina pua.

Historia ya kompyuta kwa kawaida husimuliwa kwa kasi yake na ukubwa wa kumbukumbu yake. Ukiitazama kutoka Kiambi, au Kalemie kandokando ya Ziwa Tanganyika, unaona jambo jingine: ni nani aliyebebeshwa kazi ya kuzuia vumbi. Mwanzoni kazi hiyo ilifanywa na chumba. Baadaye sehemu yake ikahamia ndani ya kifaa chenyewe. Iliyobaki ikamwangukia fundi wa mtaani mwenye brashi ya rangi ya inchi mbili.

Taipureta ilitangulia. Remington walianza kuiuza Marekani katika miaka ya 1870, na katika enzi ya Wabelgiji ilikuwa kifaa cha kawaida cha ofisi za serikali, misheni na makampuni ya migodi. Tumbo lake lilikuwa wazi, kwa hiyo uchafu ulionekana kwa macho. Vumbi lilichanganyika na wino na nyuzi za utepe, likajaza matundu ya herufi. O, e na a zikawa zinatoka madoa meusi kwenye karatasi. Karani aliyejali kazi yake alikuwa na brashi fupi ngumu na pini ya kuzibulia. Mgeni wa kazi alidhani dawa ni mafuta. Akayamimina, vumbi likanasa, mchanganyiko ukawa gundi, na mikono ya herufi ikaanza kurudi kwa uvivu. Mafundi waliosha sehemu hizo kwa petroli na kuziacha kavu. Jioni mashine ilivikwa kifuniko, na desturi hiyo ya kuvika ilikuja kuishi zaidi ya taipureta yenyewe.

Umeme nao haukuchelewa kufika pande hizi. Kampuni ya Géomines, iliyoundwa Ubelgiji mwaka 1910, ilichimba bati huko Manono, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikajengewa mtambo wa umeme wa maji wa Piana Mwanga, kwenye mto huohuo wa Luvua, upande wa juu wa Kiambi. Kwa maneno mengine, maji yanayopita Kiambi yalikuwa yakiendesha mashine za mgodi zaidi ya miaka 10 kabla ENIAC haijaonyeshwa kwa umma kule Philadelphia, Februari 1946.

ENIAC ilikuwa na taa za utupu karibu 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Joto lake lilihitaji mabomba na mapanga ya kusukuma hewa, na hapo ndipo tatizo la kudumu lilipozaliwa: mashine ya hesabu huchemka, kuipoza kunahitaji hewa, na hewa haiji peke yake. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walikuta nondo amenasa ndani ya swichi, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian. Fundi yeyote wa Kalemie aliyewahi kukuta kiota cha sisimizi ndani ya pawa saplai atashangaa kwamba Wamarekani walipata mmoja tu.

Suluhisho la wakati ule lilikuwa chumba. Kompyuta ilijengewa nyumba yake: sakafu ya kuinuliwa ya kupitishia hewa baridi, madirisha yasiyofunguka, kiyoyozi cha mchana na usiku, mlango wa kwanza na wa pili. Ukubwa wa mashine ulilazimisha hivyo, lakini vumbi nalo lilikuwa na kura yake. Kanda za sumaku zilipoteza herufi pale chembe ilipojipenyeza kati ya kanda na kichwa cha kusomea. Ndiyo maana wahudumu walisugua vichwa hivyo kila mara kwa pamba na spiriti. Diski ya kwanza ya IBM, ile RAMAC ya mwaka 1956 yenye sahani 50 za upana wa inchi 24, ilitumia hewa ya kukandamizwa kuzuia vichwa visiguse sahani. Hewa ya kompresa, ambayo leo fundi huitafuta kwa waziba matairi, ilikuwamo ndani ya kompyuta tangu zamani.

Afrika Mashariki iliipokea kompyuta pamoja na chumba chake. Mapema katika miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na mashine mjini Nairobi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya ICT 1500 jijini Dar es Salaam. Huo ulikuwa mtambo wa Kiingereza kwa jina na wa Kimarekani kwa asili, kwa kuwa ICT iliuza chini ya jina lake kompyuta ya RCA 301. Uhusiano wa serikali na mashine haukudumu kwa amani: mwaka 1974, baada ya mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Kwa karibu muongo mzima walioijua kompyuta ni wale wachache wenye ruhusa ya kuingia kwenye kile chumba baridi.

Chumba kile kiliacha urithi ambao watu wengi wa Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda wanaukumbuka kwa miguu yao. Kompyuta ndogo zilipoanza kuingia mashuleni na kwenye vituo vya mafunzo, katika miaka ya 1980, 1990 na baadaye, mlangoni palibandikwa amri: vua viatu. Wanafunzi walijipanga, wakaacha ndala na raba zao nje, wakaingia kwa soksi au miguu mitupu kama waingiao msikitini. Hakuna mtengenezaji aliyeandika sharti hilo kwenye kijitabu cha kompyuta ya mezani. Lilitoka kwenye chumba cha mtambo mkubwa, likashikwa na walimu, likageuka adabu. Lilikuwa na faida ya kweli, kwa sababu udongo mwingi unaoingia darasani huja na soli. Lakini lilikuwa na upofu wake pia. Soksi za nailoni zikisuguana na zulia huzalisha umeme tuli, na cheche moja ya aina hiyo, hata ile mtu asiyoisikia kidoleni, inaweza kuharibu chipu ya ramu. Mguu mtupu juu ya saruji ulikuwa salama kuliko vyote, na katika shule nyingi za vijijini huo ndio uliokuwepo, bila mtu kuupangia.

Na vifuniko? Vile vya taipureta vilipata wajukuu. Washonaji walitengeneza seti kamili za kitambaa: kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, kimoja cha kisanduku, vingine vikiwa na marinda na vimetariziwa ua kwenye kona. Ofisini vilionyesha kwamba hapa pana kitu cha thamani. Ubaya ulianza pale mtu mwenye mapenzi mengi alipokifunika kisanduku mashine ikiwa bado inafanya kazi, au alipoacha kitambaa kimeziba matundu ya nyuma. Taipureta haikuwa na joto la kutoa. Kompyuta inalo, na kifuniko kilichoilinda usiku kiliipika mchana.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1973, na hayakuja Afrika. IBM ilitoa diski ya modeli ya 3340, iliyopewa jina la utani la Winchester, ambamo sahani na vichwa vilifungiwa pamoja ndani ya chombo kimoja. Kichwa kilielea juu ya sahani kwa karibu nusu ya mikroni. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni makumi kadhaa. Chembe moja ya vumbi la Luvua ingekuwa mlima njiani. Kwa kufunga kile chombo, wahandisi walichukua ule usafi wa chumba kizima na kuuweka ndani ya kisanduku cha kubebeka. Bila hatua hiyo, diski ya kompyuta isingeweza kuishi juu ya meza ya karani katika mji usio na lami. Hadi leo fundi anayefungua diski ya aina hiyo ili kuisafisha anaiua, hata akiwa na mikono misafi namna gani.

Mengine yote yaliachwa wazi. Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981, ilikuwa na feni ndani ya pawa saplai iliyovuta hewa ya moto na kuitupa nyuma. Hewa ya kuziba pengo hilo iliingia popote ilipoona upenyo, pamoja na kwenye mdomo wa kuingizia disketi. Mashine ikageuka kifyonza vumbi kilichowashwa saa nane kwa siku. Mwanzoni haikuwa taabu kubwa, maana prosesa za wakati huo zilitoa joto dogo. Kufikia Pentium ya mwaka 1993, prosesa nyingi zilivalishwa kipoza joto cha alumini na feni yake. Kufikia 2004, baadhi ya Pentium 4 zilitoa zaidi ya wati 100, joto la pasi ndogo lililobanwa kwenye eneo la ukucha wa dole gumba. Mwaka 2001 jaribio moja lililorekodiwa kwenye filamu lilisambaa ulimwenguni: kipoza joto kiliondolewa juu ya prosesa za AMD za wakati huo zikiwa kazini, nazo zikatoa moshi mara moja. Pentium 4 iliyofanyiwa hivyohivyo ilipunguza tu mwendo.

Hizo Pentium 4 ndizo zilizoijaza Afrika Mashariki na Kongo. Makampuni ya Ulaya na Marekani yalibadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile zilizotolewa zikapata njia ya kusini. Computers for Schools Kenya ilianza Nairobi mwaka 2002. Close the Gap ilianza Ubelgiji mwaka 2003, ikitokana na mradi wa wanafunzi wa Brussels. Wote walikusanya kompyuta zilizotumika, wakazifanyia ukarabati na kuzigawa. Pembeni yao walikuwepo wafanyabiashara wa makontena, ambao hawakuwa na nembo wala ripoti ya mwaka, na ambao kwa maoni ya mwandishi huyu waliingiza mashine nyingi mashuleni na madukani kuliko wanavyoshukuriwa.

Njia ya kufika mkoa wa Tanganyika ilikuwa ya zamani. Tangu mwaka 1921 Ubelgiji ilikuwa na gati zake maalumu Dar es Salaam na Kigoma, zilizojulikana kama Belbase, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1915 reli ya upande wa pili wa Ziwa Tanganyika ikaunganisha Kabalo na Kalemie, mji ulioitwa Albertville hadi mwaka 1966. Kompyuta iliyotoka Antwerp au Dubai ingeweza kupita bandari hizohizo, ikavuka ziwa kwa boti, ikapanda treni au lori. Nyingine zilitoka Lubumbashi. Kwa njia yoyote ile, hatua ya mwisho kuelekea Manono na Kiambi ilikuwa barabara ya udongo, na mashine ilifika ikiwa tayari imeshaonja vumbi la huko inakokwenda.

Ikumbukwe pia hali ya nchi. Vita vya 1998 hadi 2003 viliikata Katanga ya kaskazini vipande viwili. Pweto iliangukia mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda Desemba 2000, na mitambo ya Manono ilibaki magofu. Piana Mwanga haikuwa tena ya kutegemewa. Ofisi, parokia na vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi viliishi kwa jenereta. Jambo hili lina uzito katika habari ya vumbi. Kompyuta ya Ulaya huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni kwenye chumba kikavu. Ya jenereta huwashwa kwa saa mbili, huzimwa, huwashwa tena mteja akija na pesa ya mafuta. Ikizimwa hupoa, na unyevu wa mtoni au wa ziwani huingia kwenye vumbi lililolala juu ya bodi. Vumbi kavu ni blanketi tu. Likishapata unyevu huanza kupitisha umeme kidogokidogo na kula miguu ya chipu. Ndiyo maana katika mji wa ufukweni kama Kalemie kutu ya kijani kwenye soketi za ramu si jambo la ajabu.

Kisha ukaja uchaguzi. Mwaka 2005 tume ya uchaguzi iliandikisha wapiga kura nchi nzima kwa mikoba ya vifaa vya kielektroniki kutoka kampuni ya Kibelgiji ya Zetes: kompyuta ya mapajani, kamera, kisomea alama za vidole, printa, na jenereta ya kuviwasha. Zaidi ya watu milioni 25 waliandikishwa. Mikoba ilisafirishwa kwa helikopta, malori, mitumbwi na baiskeli. Kwa mwanakijiji, hapo ndipo kompyuta ilipoacha kuwa kitu cha ofisi ya mbali. Ilipiga picha uso wake na kumpa kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kitambulisho kikuu cha Mkongo wa kawaida. Zoezi lilirudiwa kwa ajili ya chaguzi za 2011 na zilizofuata, na mara nyingi vifaa viliwekwa kwenye ukumbi wa shule wenye madirisha yasiyo na vioo.

Katika miaka hiyo ufundi wa kusafisha ulipata umbo lake. Haukutoka chuoni. Mafundi wa redio na televisheni waliujua tangu zamani, kwa sababu televisheni ya kioo cha mkunjo ilivuta vumbi kwa umeme wa volti nyingi, na waliohamia kwenye kompyuta walihamia na brashi zao. Mteja humletea fundi malalamiko yaleyale: inapiga kelele kama kinu, inazimika yenyewe baada ya dakika 10, inaganda. Fundi mzoefu hagusi programu kwanza. Anaweka kiganja nyuma ya kisanduku kuona kama hewa inatoka.

Halafu anaitoa nje, kibarazani, upande ambao upepo hauelekei watu. Waya wa umeme unachomolewa ukutani, si swichi tu kuzimwa, kisha kitufe cha kuwashia kinabonyezwa kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Mkono unagusa chuma tupu cha kisanduku kabla ya kugusa bodi. Ubavu unafunguliwa, na mara nyingi hapo ndipo mwenye mashine hushtuka. Kati ya feni ya prosesa na mapezi ya alumini kumelala zulia la kijivu chekundu lenye nyuzi za nguo, nywele, mabawa ya wadudu na udongo, limeshikana kiasi kwamba likikwanguliwa kwa upande wa brashi hutoka kipande kizima, na alama za mapezi zimechorwa chini yake. Feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zote juu ya zulia hilo bila hewa kupita. Ile kelele ilikuwa dalili ya kipimo cha joto kuidai feni kasi zaidi.

Brashi hutangulia, laini na kavu, yenye manyoya ya asili, kwa kuwa ya plastiki huzalisha umeme tuli. Feni hushikiliwa kwa kidole au kijiti kabla ya kupulizwa. Wengi hupuuza hilo kwa sababu feni inayovuma kwa upepo wa blowa hufurahisha watoto. Lakini ikizungushwa kupita kasi yake beringi huumia, tena injini ndogo ikizungushwa na upepo hugeuka jenereta na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Pawa saplai hupulizwa kupitia matundu yake tu. Haifunguliwi na asiyeijua, maana kapasita zake kubwa huhifadhi umeme wa kuumiza hata baada ya waya kuchomolewa. Ramu huchomolewa, meno yake ya dhahabu hufutwa kwa raba safi ya penseli au kwa pamba yenye spiriti kali isiyo na maji mengi, ikaachwa ikauke, ikarudishwa mpaka ilie kidogo pande zote mbili.

Swali gumu siku zote lilikuwa upepo utoke wapi. Makopo ya gesi ya kupulizia yanayouzwa Ulaya hayakuwa bidhaa ya kawaida Manono. Mdomo ulikuwa karibu, na mdomo una mate. Matone yasiyoonekana hutua juu ya bodi pamoja na chumvi yake. Pampu ya baiskeli hufanya kazi ya heshima pembezoni. Kompresa ya mziba matairi ina nguvu za kutosha kung'oa zulia lote kwa pumzi moja, lakini tenki lake hukusanya maji na ukungu wa mafuta, na asiyejaribu kwanza kuipuliza kwenye karatasi nyeupe huweza kuinyunyizia bodi kile alichokuja kukiondoa. Shinikizo lake pia hung'oa vipande vidogo na kupeperusha feni. Blowa ya umeme ya mkononi, ile inayofanana na bunduki ya plastiki, ilipoanza kuuzwa madukani Dar es Salaam, Bujumbura na Lubumbashi, ndiyo iliyomaliza mjadala kwa mafundi wengi. Inahitaji umbali kidogo, pumzi fupifupi, na kitambaa mdomoni mwa fundi. Vumbi linalotoka ndani ya kompyuta za zamani si udongo peke yake. Limekaa karibu na lehemu ya risasi na plastiki yenye kemikali za kuzuia moto.

Hiyo lehemu inastahili kutazamwa na mtu wa Kiambi kwa jicho la pekee. Ile ya kawaida katika mashine za zamani ilikuwa asilimia 63 bati na iliyobaki risasi. Kuanzia Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme, na lehemu iliyochukua nafasi yake ina bati zaidi ya asilimia 95. Bati hutokana na kasiteriti, na kasiteriti ndiyo iliyoijenga Manono. Kapasita ndogo za rangi ya machungwa au njano, zenye mstari upande mmoja, zina tantalamu, madini yanayopatikana katika koltani, ambayo wachimbaji wadogo wa Tanganyika huyaosha kwa maji ya vijito. Mwaka 2000, soko la simu na michezo ya video lilipofura, bei ya tantalamu iliruka mara kadhaa kisha ikaanguka mwaka uliofuata, na katikati ya vita watu wa mashariki ya Kongo waliacha mashamba kwenda kuchimba. Fundi anayeinamia bodi na brashi yake anaweza kuwa anapangusa udongo wa Manono juu ya madini ya Manono. Moja limekuja kwa upepo. Jingine limezunguka kupitia viwanda vya Asia na ofisi za Ulaya, na limerudi kwa bei ambayo mchimbaji hakuwahi kuiona.

Kompyuta ya mezani sasa inarudi nyuma. Ya mapajani ina betri, inavumilia umeme unaokatika, inakubaliana na paneli ya jua. Lakini feni yake ni nyembamba na matundu yake yako chini, kwa hiyo ikilazwa juu ya godoro au mkeka huvuta nyuzi moja kwa moja, na kuifungua kunadai bisibisi ndogo na subira ambayo kisanduku cha zamani hakikuidai. Diski zisizo na sahani zimeondoa hofu ya mlima wa Winchester. Kipanya cha mpira, kilichokuwa kikitolewa mpira wake na kukwanguliwa mviringo wa uchafu kwenye vigurudumu kwa ukucha, kilianza kutoweka baada ya vipanya vya mwanga kuingia sokoni kwa wingi kuanzia mwaka 1999. Watoto wa leo hawajui kazi hiyo.

Kazi kubwa ya kiangazi kwa mafundi imehamia kwenye simu. Simu haina feni, hivyo vumbi halivutwi, linasukumwa. Hukaa mfukoni mwa mwendesha pikipiki kutwa nzima, na kila mara waya wa chaji unapoingizwa hushindilia udongo kidogo zaidi ndani ya tundu, hadi siku waya unapoanza kuchomoka wenyewe na mwenye simu akadhani chaja imekufa. Simu inazimwa. Kijiti cha mti kilichochongwa, au cha meno, kinapitishwa polepole upande usio na pini, na kile kinachotoka ni kigaga kigumu chekundu chenye umbo la tundu lenyewe. Blowa inamalizia kwa pumzi mbili fupi. Wanaotumia sindano ya chuma hupata wateja wa mara ya pili, kwa tatizo jingine.